Taya la Juu Lililokwisha Mfupa: Hatua za Kupandikiza Meno kwa Mtu wa Unguja na Pemba

Mama mkubwa wangu alirudi kutoka ng'ambo na safu nzima ya meno ya juu iliyokaa kwenye vyuma vinne vilivyopandikizwa kwenye mfupa wa taya. Hayavuliwi, hayachezi, na embe bichi anauma. Mwezi wa kumi na nne tangu ayapate, skurubu moja inayofunga meno hayo ikalegea. Akanijia Chake Chake, maana kazi yangu mimi ni ya kiti cha meno. Akafungua mdomo, nikaiona skurubu yenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Bisibisi ndiyo sikuwa nayo. Nilijaribu tatu nilizokuwa nazo, hata moja haikuingia. Kila kampuni ina kichwa chake cha skurubu, na kadi ya kueleza kwamba vyuma hivi ni vya kampuni gani hakupewa. Akapanda boti, akapanda na ndege, kwa kazi ya dakika kumi.

Tangu siku hiyo, mgonjwa akiniuliza njia ipi ni bora, mimi humuuliza kwanza: siku ikilegea, nani atakukazia, na yuko wapi? Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam hilo ni swali dogo. Kwa mtu wa Wete au Makunduchi linaweza kubadilisha uamuzi mzima. Hatua zinazofuata nimezipanga nikiwa na swali hilo kichwani.

Neno moja kabla hatujaanza. Ukifika kituo cha afya ukasema tu "nimekuja kwa kipandikizi", hasa ukiwa mwanamke, usishangae ukielekezwa dirisha la uzazi wa mpango. Sema "kipandikizi cha jino".

Hatua ya 1: Elewa mfupa umekwenda wapi

Ukingo wa mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino liking'olewa, ukingo unakosa kazi na mwili huanza kuula. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wake huweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi anaanza na hasara zaidi, kwa sababu mfupa ulikwishaliwa kabla jino halijatoka. Juu yake weka meno ya bandia ya kuvua na kuvaa yaliyokandamiza fizi miaka ishirini, tena mengine yanalaliwa nayo usiku. Ukingo unabaki bapa.

Taya la juu lina msiba wa pili ambao la chini halina. Ndani ya kila shavu, juu ya magego, mna chumba cha hewa kinachoitwa sainasi. Magego yakiondoka, sakafu ya chumba hicho hushuka pole pole. Mfupa unaliwa kutoka chini na kutoka juu kwa pamoja, na katikati hubaki ganda tu, pengine milimita 2 au 3. Hata huo uliobaki ni laini. Nikiwaeleza wagonjwa nyumbani Pemba huwaambia: mfupa wa taya la chini mbele ni kifuu, wa taya la juu nyuma ni kumbi. Skurubu ikiingia kwenye kifuu inakaza, kwenye kumbi inazunguka.

Kipandikizi chenyewe ni skurubu ya titani. Mswidi Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa mifupa, ndiye aliyegundua miaka ya 1950 kwamba titani ikitulia ndani ya mfupa hai, mfupa huota na kuigandama. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alitibiwa mwaka 1965. Hakuna gundi wala saruji. Kinachoishika skurubu ni mfupa wenyewe. Ndiyo maana anayekwambia "mfupa tutaangalia siku ya kazi" hufai kumlalia kwenye kiti.

Hatua ya 2: Upime mwili wako kabla ya kupima taya

Nenda kwa daktari wako wa kawaida na ujieleze bila kuficha.

Sukari ndiyo ya mwanzo. Omba kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, wala usitegemee cha kidoleni cha asubuhi moja ambayo ulijizuia na halua. Madaktari wengi hutaka kisipite asilimia 8, na chini ya 7 ni bora zaidi. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi na mfupa hauigandami titani vizuri. Kuwa na sukari si kizuizi. Kizuizi ni kuiacha ikimbie.

Kisha tumbaku. Sigara, shisha, ugoro, na tambuu iliyotiwa tumbaku, zote nazihesabu pamoja. Wazee wetu wengi wa kike hawavuti, na ukiwauliza "unavuta?" watakujibu hapana kwa haki kabisa, huku tambuu imo shavuni. Tumbaku hubana mishipa ya damu, na kidonda kinaponea damu. Popoo na chokaa navyo huchubua na kukausha ngozi ya ndani ya mdomo. Acha angalau wiki kadhaa kabla na miezi kadhaa baada. Ukiweza acha moja kwa moja. Kama huwezi, mwambie daktari mapema, kwa sababu hesabu yake yote itabadilika.

Taja dawa zote. Walio kwenye dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti ya vidonge na hasa zoledroneti ya sindano inayotolewa kwa wagonjwa wa saratani, wanaweza kupata kidonda cha taya kisichopona baada ya upasuaji. Waliopigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni vilevile. Wanaotumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi wasiiache kwa akili zao. Daktari aliyeiandika na yule wa meno ndio wa kukubaliana.

Na kama una mafua ya sainasi yasiyokwisha, kichwa kizito, pua moja imeziba siku zote, tibu hilo kwanza kwa daktari wa pua na koo. Tatu kati ya njia tano nitakazotaja zinapita kwenye sainasi au kando yake.

Hatua ya 3: Piga picha sahihi, na picha iwe yako

Picha ya eksirei ya taya zima, ile ambayo mashine inakuzunguka kichwa, inatosha kuanzia mazungumzo lakini haitoshi kuamulia kazi. Inaonyesha urefu, haionyeshi upana. Kwa taya la juu lililokwisha inahitajika picha ya CT ya taya, inayokata mfupa vipande vipande na kuupima pande zote.

Usitoke na karatasi tu. Omba nakala ya picha yenyewe kwenye CD au flashi, kwa sababu ndiyo utakayoituma kwa madaktari wawili watatu kabla ya kupanda boti. Hiyo peke yake huokoa nauli nyingi. Nimeona mtu amesafiri, amelala nyumba ya wageni siku nne, kisha akaambiwa jambo ambalo daktari angeliweza kulisema kwa kuitazama flashi akiwa ofisini kwake.

Muulize anayeisoma mambo matatu: chini ya sainasi ya kulia na ya kushoto zimebaki milimita ngapi, upana wa ukingo wa mbele ni milimita ngapi, na je, sainasi zenyewe ni safi? Kipandikizi cha kawaida kina urefu wa kama milimita 10 na unene wa kama 4, na kinataka mfupa ukizunguke pande zote. Ukishazijua namba zako, kila daktari utakayekutana naye utamwelewa zaidi, naye atajua kwamba hukuja kununua vitenge.

Hatua ya 4: Chagua njia kwa mujibu wa mfupa, si kwa mujibu wa tangazo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotezewa fedha.

Njia ya kwanza ni ile isiyotangazwa na mtu: meno ya bandia mapya yaliyotengenezwa vizuri. Wengi wanaonijia wakitaka vipandikizi wamevaa meno ya miaka kumi na tano, yaliyopimwa kwa haraka, na fizi imekwishabadilika chini yake. Ukitengenezewa mengine kwa vipimo vya taratibu, shida inaweza kupungua sana. Taya la juu hata likiwa bapa lina kaakaa pana la kunyonya na kushika, neema ambayo taya la chini halina. Jaribu hili kwanza. Ukiona bado yanakudondoka ukicheka au ukisoma, endelea mbele.

Njia ya pili ni vipandikizi vichache, kwa taya la juu mara nyingi 4, ambavyo meno ya bandia hubana juu yake kama vifungo vya nguo. Unayavua usiku, unasafisha, unayarudisha. Bei ni ndogo kuliko meno ya kudumu, usafi ni rahisi kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, na kikichakaa kifungo, kubadilisha ni kazi ndogo. Kwa wagonjwa wangu wengi wa visiwani ndiyo ninayoipenda, ingawa wenyewe husikitika wakisikia neno "kuvua".

Njia ya tatu ni kuinua sakafu ya sainasi. Daktari hufungua kidirisha kwenye ukuta wa shavu, huisukuma juu ngozi nyembamba ya sainasi bila kuitoboa, na kujaza mfupa chini yake. Utaratibu huu ulielezwa kwenye maandishi ya kitabibu na Boyne na James mwaka 1980 na umezoeleka duniani. Mfupa ukiwa umebaki kama milimita 5 na zaidi, pengine huweza kufanywa kwa kupitia tundu la kipandikizi chenyewe na kumalizwa siku moja. Ukiwa chini ya hapo hufunguliwa dirisha, na mara nyingi husubiriwa kati ya miezi 4 na 9 kabla ya kutia skurubu.

Uliza: huo mfupa wa kujazia unatoka wapi? Unaweza kuwa wako mwenyewe, uliochukuliwa kwenye kidevu, nyuma ya taya, au nyonga kama unahitajika mwingi. Unaweza kuwa unga wa mfupa wa ng'ombe, au wa mtu aliyejitolea, au wa kutengenezwa kiwandani. Upo hata unaotokana na matumbawe. Nilipowaambia wavuvi wa Msuka walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Kisha kuna kiwambo cha kufunikia, na baadhi ya viwambo hivyo hutengenezwa kwa nguruwe. Daktari wa ng'ambo anaweza asikumbuke kukwambia, kwa sababu kwake si jambo. Uliza kwa neno wazi kabla ya kusaini, na uombe cha ng'ombe au cha kiwandani. Kama moyo haujatulia, muulize sheikh wako au Ofisi ya Mufti. Fatwa si kazi ya mtu wa meno.

Njia ya nne inakwepa sainasi badala ya kuinua sakafu yake. Vipandikizi vinne: viwili vya mbele vimesimama, viwili vya nyuma vimelazwa, hata kufikia nyuzi 45, vikipita mbele ya ukuta wa sainasi. Juu yake hufungwa safu nzima ya meno. Mreno Paulo Maló na wenzake walichapisha matokeo yao ya taya la chini mwaka 2003 na ya taya la juu mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi hutiwa meno ya muda siku hiyo hiyo au baada ya siku chache. Lakini inahitaji mfupa wa mbele uwepo. Kama hata mbele pamekwisha, usikubali kulazimishwa.

Mbele na nyuma kukiwa kumekwisha, ndipo inapokuja njia ya tano, vipandikizi vya mfupa wa shavu. Hivi ni virefu, kuanzia milimita 30 hadi zaidi ya 50. Huingia kwenye kaakaa au ukingoni, hupita ndani ya sainasi au kando yake, na kukazwa kwenye mfupa mgumu ulio chini ya jicho, ambao hauliwi kwa kukosa meno. Huwekwa viwili pamoja na vya kawaida mbele, au vinne bila vingine. Matokeo yaliyochapishwa ni mazuri, zaidi ya 90 kati ya 100 hubaki mahali pake miaka mingi. Ila matokeo hayo ni ya mikono iliyofanya kazi hiyo mara nyingi. Njia ya skurubu inapita karibu na jicho, na tatizo linalojitokeza zaidi baadaye ni maradhi ya sainasi. Hii ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, mara nyingi kwa nusukaputi. Muulize amefanya ngapi, na waliofanyiwa miaka mitano iliyopita wakoje. Akikasirika, shukuru, umepata jibu.

Hatua ya 5: Hesabu ya safari

Andika kwenye karatasi moja: safari ngapi, kila safari siku ngapi, nani ataandamana nawe, na bei inajumuisha nini. Picha? Meno ya muda? Meno ya mwisho? Nusukaputi? Kipandikizi kisipogandama, je, cha badala kinalipiwa? Watu huambiwa bei ya skurubu wakadhani ndiyo bei ya jino. Kama uko kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au bima nyingine, uliza kwa maandishi nini kinalipiwa na nini hakilipiwi.

Kisha tafuta daktari wa karibu, Unguja, Pemba au Dar es Salaam, aliye tayari kukuangalia baadaye, na mkutanishe kwa simu na yule atakayefanya kazi. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana. Mama mkubwa aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka meno, sitaki mikutano." Nilinyamaza kwa heshima. Laiti nisingelinyamaza.

Panga tarehe mbali na Ramadhani. Utakuwa na vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, na kidonda kinachotaka maji na chakula laini mara kwa mara.

Hatua ya 6: Siku za upasuaji

Ukifanyiwa kwa ganzi, kula kama utakavyoelekezwa, na dawa za presha usiziruke bila kuambiwa. Ukifanyiwa kwa nusukaputi utafunga kula kwa saa utakazopewa. Zifuate hata kama njaa inauma.

Siku mbili tatu za mwanzo uso utavimba, na kwa kazi ya shavuni unaweza kupata wekundu au weusi chini ya macho. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika chache chache, siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi au dawa uliyopewa. Damu kidogo puani baada ya kuguswa sainasi ni kawaida. Damu isiyokoma, homa, usaha, au kuona vitu viwili viwili si kawaida, rudi siku hiyo hiyo.

Aliyeguswa sainasi asipenge kamasi kwa nguvu wiki 2 au zaidi, na akipiga chafya aache mdomo wazi. Asinyonye mrija, hata wa dafu. Dafu lipasuliwe, maji yamiminwe kikombeni. Asizamie pweza wala kupiga mbizi mpaka daktari amruhusu, na kuhusu ndege amuulize yeye. Boti haina tatizo la hewa, ila ina la kutapika. Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi hauna huruma, na kutapika kwa nguvu kunasukuma kidonda kibichi. Kaa mjini siku kadhaa kwa jamaa, subiri bahari itulie, na umwombe daktari dawa ya kuzuia kichefuchefu.

Chakula: uji, bokoboko lililolainika, supu iliyopoa, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba, ndizi zilizopondwa. Urojo bila kachiri na bajia. Muwa, bisi, mahindi ya kuchoma na kashata vingoje miezi, hata kama meno ya muda yanaonekana madhubuti. Kipandikizi kinachotikiswa wakati mfupa unaota hakigandami. Huwa hakiumi, kwa hiyo hutajua kwamba umekiharibu.

Hatua ya 7: Kungoja

Miezi 3 hadi 6 kwa kawaida, zaidi ukijaziwa mfupa. Huko hakuna la kufanya ila usafi, chakula laini na kwenda kuonwa. Meno ya mwisho yakija, kabla hayajafungwa kabisa, sema, cheka, kunywa maji, soma aya mbili tatu kwa sauti. Herufi za meno kama *tha* na *dhal* zinaonyesha haraka kama meno yamekaa mbele mno au nyuma mno. Ni rahisi kurekebisha siku hiyo kuliko ukiwa umekwishashuka bandari ya Mkoani.

Hatua ya 8: Kabla hujaondoka kwa daktari

Dai kadi ya vipandikizi. Iwe na jina la kampuni, aina, urefu na unene wa kila kimoja, namba ya toleo, tarehe, na aina ya skurubu inayofunga meno. Piga picha kadi hiyo kwa simu, mtumie na mwanao. Kisha omba ununue bisibisi yake uende nayo nyumbani. Ni kitu kidogo cha kutosha kwenye kisanduku cha pete, na daktari yeyote wa meno aliyefunzwa ataweza kukitumia.

Kusafisha ni kila siku, kwa mswaki laini na uzi mnene au vibrashi vya kupitisha chini ya meno ya kudumu. Mswaki wa mti unasaidia pande za nje, ila chini haufiki. Vipandikizi haviozi, lakini fizi na mfupa unaovizunguka huugua vilevile kama ulivyougua mwanzo. Nenda kuonwa kila miezi 6, na eksirei mara moja kwa mwaka au kama daktari atakavyopanga, ili alinganishe kimo cha mfupa. Ukisikia meno yanatoa mlio mdogo ukitafuna, au kitu kinacheza hata kwa unywele, usingoje. Skurubu iliyolegea ikiendelea kutafuniwa hukatika ndani, na kipande kilichokatika si kazi ya dakika kumi tena.

Mama mkubwa sasa ana kadi na bisibisi yake, vimo bahashani pamoja na hati ya shamba lake la mikarafuu. Juzi nimemkazia mwenyewe, hapa hapa Chake.